Jua la Bi Mize

Miezi miwili sasa Bi Mize alikuwa akiharibu mikeka ya watu kwa kuchanganya rangi, na kila alipoulizwa alikilaumu chumba chake. "Giza tupu humu. Wewe ungeweza kusuka?"

Siwema, bintiye, aliona haya. Akamwita fundi Kombo atoboe dari na kubadilisha bati moja la paa kwa bati la kioo, jua lipate kuingia.

Bi Mize alikataa katakata kutoka. Aliketi kitandani, ukindu wake mapajani, Kombo akikata mbao juu. Kipande cha mwisho kilipoachia, jua lilimwagika pamoja na vumbi la miaka mingi. Siwema alijifunika uso kwa kanga. Alipojifunua, mama yake alikuwa ameinua kichwa, jua limemjaa machoni, wala hapepesi.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mize. "Sasa naona."

Akapapasa mapajani, akachomoa ukindu mmoja wa kijani, akauinua.

"Tazama nyekundu hii ilivyokolea, mwanangu. Si nilikwambia ni giza tu?"

Siwema aliitikia: "Imekolea, Mama."

Kombo, aliyekuwa akichungulia kutoka tunduni, alikohoa kidogo. "Dada," aliuliza taratibu, "nifunge hili la kioo, au nirudishe lile la zamani?"

Bi Mize hakuushusha mkono. Ukindu wa kijani uling'aa katikati ya jua, naye akatega sikio, akingoja bintiye ajibu.