Mlima wa Ipogolo

Bi Jaha alilijaza debe mwenyewe pale mtoni Ipogolo, mpaka maji yakafurika, ndipo akamtwika Kudra.

"Haya, mwanangu. Mpaka kwenu Mlandege, bila kutua."

Kudra akaanza kupanda mlima. Bi Jaha, shangazi yake Makame, akamfuata nyuma mikono mitupu.

Mwaka 1953 bibi huyu huyu alikuja nyumbani kwao Kudra kuvunja posa ya Makame, baada ya kusikia kwamba binti ana pumu. "Sisi hatuoi mgonjwa," alisema uani bila kujali nani anasikia. "Atatufia jikoni." Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamtazama Kudra kama mtu anayengoja sanda. Daktari naye akamkataza: asikimbie, asibebe mzigo, asipande mlima.

Kudra akaupanda.

Mara ya kwanza hakufika mbali. Alikaa chini kando ya njia, kifua kikipiga miluzi, na mama yake, Mwanakhamisi, akamrudisha nyumbani huku akilia. Kesho yake akaenda tena. Akajifunza kwenda polepole, kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu, kusimama kabla kifua hakijabana. Masika yalipokwisha alikuwa anafika juu. Ndipo akaanza kubeba: kibuyu kwanza, halafu ndoo, mwisho debe. Pumu haikumwacha. Moshi wa kuni mbichi ulimlaza kama zamani. Lakini mlima aliuweza.

Watu wakasema, maneno yakamfikia Bi Jaha. Akaapa kwamba hasadiki mpaka aone kwa macho yake.

Sasa walikuwa katikati ya mlima, jua limepamba moto.

"Tua, mwanangu, tupumzike," Bi Jaha alisema, akihema.

"Wewe pumzika, shangazi. Utanikuta nyumbani."

Mwanakhamisi alikuwa mlangoni, kiganja mdomoni, Kudra alipotokeza. Debe likatuliwa barazani bila kumwagika. Bi Jaha akafika nyuma sana, kanga imelowa jasho, akaishika nguzo mpaka sauti ikarudi. Ilipomrudia akapiga kigelegele.

"Huyu mzima! Makame wetu hakupata kumsahau. Posa tunaileta upya, leo leo!"

Majirani wakaitikia kwa vigelegele. Mwanakhamisi akaangua kilio cha furaha. Hata Mzee Muhidini, baba yake Kudra, aliyekuwa hajacheka tangu aibu ile, akacheka. Akaketi karibu na binti yake.

"Umesikia, mwanangu. Mungu amekufuta machozi. Huna haja ya kusema neno. Ukinyamaza, tutajua umeridhia."

Kudra alimtazama baba yake, kisha akamtazama Bi Jaha.

"Simtaki," akasema, na fundi seremala ng'ambo ya barabara akaacha kupiga randa.