Aliyechaguliwa na Radi

Watu arobaini walisimama wakiupa mlima mgongo. Nyuma yao, hatua mia hivi kupanda juu, Sabino alikuwa akilia kwa maumivu, na hakuna aliyegeuka.

"Maji! Jamani, maji!"

"Msigeuke," alisema Tata Melitón, mganga wa kijiji chetu cha Wilakollu. "Anayeita si yeye. Radi ya kwanza imemuua, ya pili imemkatakata, ya tatu inamuunga upya. Jicho la mtu likimwona kabla hajainuka mwenyewe, basi tena, tumempoteza."

Hayo kila mtoto wa Wilakollu anayajua. Ndivyo waganga wetu wanavyopatikana: hakuna kusomea, hakuna kurithi. Radi ikikupiga ukaamka peke yako, wewe ni mganga. Tata Melitón mwenyewe aliamka hivyo miaka thelathini iliyopita, pindo la poncho lake, lile joho la sufu, limeungua, na tangu siku ile hajalima hata tuta moja la viazi. Akichinjwa lama, ngamia wetu mdogo wa milimani, paja la kwanza ni lake.

Aliyeleta habari ni Hilaria, mke wa Sabino. Ngurumo zilipopita tu, alishuka mbio akipiga kelele kwamba radi imempiga mumewe malishoni, watu wasipande, wasitazame. Alipiga kelele vizuri kabisa. Lakini watu walipokwisha kukusanyika kwenye ukuta wa zizi, Sabino akaanza kulia huko juu, na Hilaria akaanza kusukumana na watu apite.

"Niachieni niende! Ni mume wangu!"

Wanawake wawili wakamshika mikono.

"Tulia, dada," alisema Mama Benita, jirani yake. "Kesho utakuwa mke wa mganga. Tutakuja kubisha kwako na mapaja ya lama begani, nawe utajifanya hutujui."

"Radi nayo haina macho," akadakia mwanamume mmoja. "Sisi wenye miguu mizima imetuacha, imekwenda kumchukua kiguru!"

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na mtu analia.

Sabino alivunjwa mguu na nyumbu utotoni. Kulima hakuweza, na watoto wake watatu walikula kwa huruma za shemeji. Ila kwa mitishamba hakuwa na mpinzani. Mara tatu alimwendea Tata Melitón kumwomba amfundishe kupiga ramli kwa majani ya koka, na mara tatu alipewa jibu moja: "Mimi sichagui, mwanangu. Radi ndiyo inayochagua."

"Hilaria! Hilaria, njoo!"

Hilaria alijichomoa mikononi mwa wale wanawake, akapiga magoti mbele ya mganga na kumnong'oneza.

"Tata, si radi. Tulipanga mimi na yeye. Nilitia mafuta ya taa kwenye pindo la poncho lake, kidogo tu, nikawasha nikakimbia. Ilikuwa azime mwenyewe. Ndani amevaa shati la nailoni, Tata, limemgandia mwilini. Wewe ni mganga, unaruhusiwa kumtazama. Panda basi, ummwagie maji, nakuomba!"

Mzee hakushtuka. Aliinama na kumwekea mkono kichwani, na waliotazama wakadhani anambariki.

"Najua," alinong'ona. "Nikipanda kabla ya wakati, wataniuliza kwa nini. Niwajibu nini? Unamkumbuka yule wa kijiji cha Kaskani aliyeisingizia radi? Walibomoa nyumba yake mpaka msingi, wakamfukuza na wanawe bila hata kondoo mmoja. Kitoto chake cha mwisho kilikufa kwa baridi njiani. Haya, simama uwaambie. Mimi sikuzuii."

Hilaria akawatazama wanawe. Walikuwa wamejipanga ukutani, wamempa baba yao mgongo kama walivyofundishwa. Mdogo ameziba masikio. Yule binti mkubwa alikuwa ameanza kupokea pongezi.

Akafungua mdomo. Tata Melitón akamtilia fumba la majani ya koka.

"Tafuna," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mke wa aliyechaguliwa hunyamaza."

Akatafuna. Mungu amsamehe, alitafuna.

Sabino aliendelea kuomba maji. Kisha akamwita mama yake, aliyekufa zamani. Kisha hayakuwa tena maneno. Jua lilipofika kwenye ncha ya mlima, huko juu kukawa kimya.

"Ameshaungwa huyo," alisema Mama Benita huku akitabasamu. "Sasa ataamka."

Wakangoja. Hakuamka. Mwishowe Tata Melitón akapanda peke yake, akakaa kidogo, akashuka taratibu ameshika kofia mkononi.

"Kuna mtu aligeuka," alisema. "Kuna jicho lilimwona."

Zogo likazuka. Watu arobaini wakaanza kunyoosheana vidole, huyu anaapa kwa mamake kwamba si yeye, yule anadai alimwona Mama Benita akipinda shingo. Mama Benita alikuwa ameshaanza kulia. Katikati ya makelele hayo hakuna aliyemwona mganga akichuchumaa kando ya Hilaria na kumwekea mapajani kipande cheusi cha poncho.

"Ulijuaje?" Hilaria aliuliza. Majani yalikuwa bado mdomoni.

"Poncho huchomwa likiwa kwenye kamba, mwanangu," alinong'ona mzee. "Halafu unalifua mpaka harufu ya mafuta iishe, ndipo unamvisha mumeo. Marehemu mke wangu alikuwa makini sana."