Ulimi wa Bi Toyoko

"Mtolee ulimi yule jirani anayekuibia matunda yako, Bi Toyoko. Haswaa! Sasa sukuma."

Bi Toyoko akakisukuma kijiko cha mbao kwa ncha ya ulimi mpaka mkono wa Orihara, mtaalamu wa mazoezi ya kumeza, ukarudi nyuma. Akatamka pa, ta, ka, ra, mara kumi, kwa sauti ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Fumika, bintiye, alitamani kupiga makofi, lakini alijua kitakachofuata.

Orihara akamwekea jeli kidogo ulimini. Bi Toyoko akafumba mdomo, akatazama dari, kisha akaiacha jeli itiririke hadi kwenye taulo la kifuani. Ndivyo alivyofanya jana, na juzi, na wiki nzima.

"Ulimi una nguvu," Orihara alimwambia Fumika mlangoni. "Picha zinaonyesha koo linafanya kazi. Kinachomzuia sikijui, dada. Asipomeza leo, kesho daktari atamtoboa tumbo amwekee mpira wa kupitishia chakula."

Fumika alikuwa hoi. Tangu gari la wazazi wake lilipopinduka kwenye njia ya Yamaga na Mama akaumia ubongo, alikuwa ameshajaribu kila kitu: kubembeleza, kufoka, kujifungia chooni na kulia. Akarudi kitandani, akainama kumfuta Mama kidevu. Mama akavuta pumzi ndefu kwenye nywele za bintiye zilizonukia ubani, kama alivyofanya kila asubuhi Fumika alipofika kutoka nyumbani.

"Baba anakusalimu," Fumika alisema huku akikunja taulo. "Mguu bado una plasta, hawamruhusu kushuka hadi ghorofa hii. Anasema ule upate nguvu, mrudi nyumbani. Usimwangushe, Mama."

Mama akageuza uso ukutani.

Fumika akafungua themosi. Uji wa mchele alikuwa ameupika mwenyewe alfajiri, laini, usio na hata punje. Akaumimina bakulini, akachota, akakisogeza kijiko mdomoni mwa Mama.

"Kimoja tu, Mama. Nakupigia magoti. Sina mtu mwingine."

Bi Toyoko akamtazama usoni. Kisha mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukakishika kijiko na kukirudisha polepole bakulini. Maneno yakatoka yakiburuzika, lakini kila moja lilisikika.

"Upeleke nyumbani, mwanangu, ukauweke mbele ya picha ya baba yako, pale unapomfukizia ubani. Leo ni siku yake ya arobaini na tisa tangu afariki, siku ya kumuaga. Kisha uje unilishe; sijawahi kula kabla yake."