Aliyemnyamazisha Johari

Sheikha alikataa katakata kulitaja jina la Ruwaida mbele ya kinasa sauti.

"Lakini Bi Sheikha, wasikilizaji watauliza nani alikuwa akikupigia tari," alisema Viola, mtangazaji aliyefika Malindi kuandaa kipindi cha kuwakumbuka waimbaji wa zamani.

"Waambie amekufa."

Kweli alikuwa amekufa, mwezi uliopita tu. Sheikha hakwenda msibani.

Miaka ya themanini, kanda za Johari zilivuma kutoka Lamu hadi Mombasa, na hakuna aliyejua Johari ni nani. Nyumbani, Sheikha alikuwa binti wa shekhe, akiaga kwamba anakwenda kujifunza kushona. Siri hiyo aliijua Ruwaida peke yake, shoga yake wa kufa na kuzikana.

Kisha baba akajua. Alimfungia ndani, na kabla mwezi haujaisha akamwoza kwa Stambuli, jirani yao muuza vitambaa, ambaye alikubali kumchukua pamoja na aibu yake. Sheikha hakuimba tena.

Sikukuu hata sikukuu, Ruwaida alikuja kutoka Takaungu na sinia ya halua, akabisha hodi mpaka akachoka.

"Usimfungulie," Stambuli alikuwa akimwambia mkewe kwa upole. "Atakuliza tena."

Naye Sheikha humo ndani alimshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye huruma.

"Hukuwahi kumuuliza kwa nini alikusaliti?" Viola aliuliza.

"Nimuulize nini? Nani mwingine alijua?"

Stambuli aliingia kutoka msikitini. Viola akamwamkia shikamoo, akamsogezea kinasa sauti. Sheikha akaondoka kwenda kutia kahawa vikombeni. Akiwa jikoni alimsikia mgeni akimuuliza mzee alimpataje mwimbaji mashuhuri kama yule.

Stambuli alicheka cheko la raha.

"Baba yake alinikataa mara mbili, mwanangu. Nami kila asubuhi nikimsikia binti akiimba uani anapofua, sauti ile ile ya kwenye kanda. Basi nikamchukulia mzee kanda moja, akasikiliza mwenyewe. Posa ya tatu hakuikataa."