Zimwi la Uvunguni

Sheria ni moja: riwaya ikishatolewa kwa picha, maneno yake hufutika katika kila nakala, hata iliyo kabatini kwako.

Nilipewa kuchora riwaya kongwe ya watoto yenye zimwi la uvunguni, ambalo mwandishi hakutaja sura yake hata mara moja. Kisanduku cha picha yake ukurasani nilikiacha kitupu. Mhariri akakirudisha.

"Dada Mwanaisha, watoto wataona nini hapa?"

Basi nikachora, kwa hasira: pembe mbili, macho matatu.

Asubuhi kitabu kilipotoka, binti yangu Tunu alikifungua huku anakula chapati. Tangu nilipomsomea riwaya yenyewe, kila siku alikuwa akilimegea zimwi kipande, anakiweka chini ya kitanda.

"Kumbe lenyewe ndilo hili tu, mama?"

Akaimaliza chapati yote.

Nikakimbilia kabatini, nimsomee tena. Kurasa zilikuwa nyeupe pe.