Gari Lililolazwa

Tumbo la gari lilikwaruza tuta, likakaa juu yake, na injini ikazimika.

"Si ulitaka urembo," alisema mke wangu kutoka kiti cha nyuma. "Kata springi tena."

Kwenye kona tulikuwa tumepita kama tumenata kwenye lami, lakini hilo hakulisifu mtu. Fundi aliyekata springi juzi naye alinionya: gari likilazwa chini hivi hupendeza likiwa limesimama tu.

"Shukeni, lipungue uzito," nikasema. "Kesho fundi ananiwekea springi ndefu, yaishe."

Mke wangu akashuka, na dada yangu akashuka huku akicheka. Bibi, aliyekaa mbele kando yangu, hakusogea.

Miaka yote tumekuwa tukimnyanyua mzimamzima kumpandisha kwenye gari hili, naye amefumba macho kwa aibu. Leo alifungua mlango mwenyewe, akakaa kama anakaa kitandani kwake, kisha akavuta miguu ndani, mmoja baada ya mwingine.

"Bibi, na wewe," nikamwambia.

Akakaza mkanda.

"Sukumeni tu, wajukuu zangu. Na huyo fundi wa kesho, mwambieni asijisumbue."