Makaa Ndani ya Mbeleko

Kwa sheria, kila nyumba huchoma makaa ya mawe ya daraja lake tu. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya makaa meusi, magumu, yanayong'aa, yasiyotoa moshi. Nikaolewa kwenye nyumba ya makaa ya kahawia, yanayomeguka mkononi na kujaza moshi chumbani.

Mama alipokuja kumwona mjukuu, alileta mbeleko, na ndani yake ameficha vipande vyeusi. Usiku ule nikavichoma, na mwanangu Atupele hakukohoa.

Asubuhi mkaguzi wa makaa akabisha hodi. "Dada, mbona bomba lenu halitoi moshi?"

"Mtoto amelala."

"Basi weka ya kahawia, niende zangu. Kile chombo cha doria angani kinaona."

Nikaongeza kipande cheusi motoni. "Na kione."

Mngurumo wa chombo ukashuka taratibu juu ya paa. Atupele akaendelea kulala, akipumua bila kukohoa.